Kiti cha Gramafoni

Safari ya Iringa iliahidiwa tangu Zubery hajaota meno. Kila Muharami alipotoka Mbeya na shehena ya tajiri wake, alimwambia mkewe, Mwanakhamisi, kwamba safari ijayo watakwenda wote, watoto wakamwone bibi yao. Safari ijayo ikaja, ikapita, ikaja nyingine. Zubery akaota meno, akatembea, akaanza kusema. Dada yake Jaha akatimiza miaka sita, naye bibi yake wa Iringa anamjua kwa jina tu. Ndipo mwezi wa Juni, mwaka mmoja baada ya fuvu la Mkwawa kurudishwa Kalenga, Muharami akarudi nyumbani jioni na kusema kwamba tajiri amekubali. Wataondoka Jumamosi alfajiri, na watakaa mbele, pamoja naye.

Mwanakhamisi hakuwa mtu wa kuamini upesi, lakini mara hii aliamini. Alikaanga vitumbua, akachemsha mayai, akawafulia watoto sweta zao na kuzianika karibu na jiko kwa sababu jua la Juni pale Mbeya halikaushi kitu. Jaha alichukua mfuniko wa sufuria akaufanya usukani, akawa anaendesha kutoka mlangoni mpaka kwenye karo, akiwatangazia majirani kwamba atakaa karibu na baba na ataona mbuga yote ya Usangu kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona.

Jumamosi walipanda lori kungali giza. Mbele palikuwa na nafasi ya dereva na watu wawili. Jaha alikaa katikati, mama yake akakaa mlangoni na Zubery mapajani. Nyuma, juu ya magunia ya kahawa, alikaa Saulo, utingo wa Muharami, Msafwa wa makamo aliyekuwa na maneno machache. Baridi ilikata masikio, lakini ndani mlikuwa na joto la injini na harufu ya vitumbua, na Jaha aliuliza maswali bila kupumua. Muharami alicheka na kumjibu. Mwanakhamisi alimtazama mumewe akaona moyoni kwamba hajamwona hivi siku nyingi.

Walipofika Uyole, Muharami alipunguza mwendo akasimama. Kando ya barabara alikuwako bwana mmoja mwenye koti na kofia ya pama, na miguuni pake kitu kikubwa cha mraba kilichofungwa kwa blanketi. Alikuwa Bwana Liberatus, karani katika kampuni moja ya mabasi ya Iringa. Mwanakhamisi alikuwa amelisikia jina lake mara nyingi, maana Muharami alichoka kuendesha lori la mtu na alitamani kuvaa sare ya dereva wa basi, na huyo karani alikuwa ameahidi kumsemea. Lakini hakujua kama angekuwamo katika safari hii. Kutokana na namna walivyosalimiana alitambua kwamba mambo haya yalipangwa siku nyingi, na kwamba mumewe alikuwa amenyamaza makusudi.

Alivuta watoto, akajibana, ili karani apate pa kukaa. Lakini karani hakuja peke yake. Lile blanketi lilifunika gramafoni, mpya kabisa, aliyoitafuta muda mrefu, naye alieleza kwa upole mwingi kwamba mashine ile ina mitambo laini ndani, haipendi vumbi wala kutikiswa, na ingefaa ikae kwenye kiti. Hakusema watoto washuke. Alieleza tu habari za gramafoni yake, kisha akanyamaza akisubiri.

Muharami alitazama kiti, akamtazama karani, mwisho akamtazama mkewe.

"Mama Jaha," alisema, "nyie pandeni juu na Saulo. Mpaka Chimala tu."

Mwanakhamisi alimwambia kwamba juu kuna baridi na watoto ni wadogo, na kwamba bwana angeweza kuipakata mashine yake kama yeye alivyompakata mtoto. Muharami alimsogelea karibu na sikio.

"Usiniaibishe," alisema.

Mwanakhamisi alishuka. Hakuzoea kubishana na mumewe mbele ya mgeni, na Jaha alikuwa anawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayengoja kuambiwa nani amekosa. Saulo aliwapokea watoto kutoka juu. Akawafunika kwa turubai mpaka shingoni, akamwonyesha mama yao kamba ya kushika. Gramafoni ikawekwa katikati, pale alipokuwa amekaa Jaha.

Kuanzia Uyole upepo ulipita ndani ya sweta kana kwamba watoto hawakuvaa kitu. Kisha jua likatoka, vumbi likaanza. Zubery alitapika vitumbua vyote juu ya khanga ya mama yake. Jaha hakuuliza swali lolote tena. Kila alipotaka kuinua kichwa aione mbuga, mchanga ulimwingia machoni, mwishowe akajikunja chini ya turubai na kulala chali akitazama mbingu. Mwanakhamisi alikuwa na hasira, lakini mpaka hapo ilikuwa hasira anayoijua, ile ambayo mwanamke huitia ndani ya chungu na kuifunika. Alijiambia kwamba Chimala si mbali.

Kwenye mteremko wa Inyala, katika kona moja kali, magunia ya upande wa kushoto yaliteleza. Zubery akateleza nayo. Mwanakhamisi aliliona turubai likienda, na mwanawe ndani yake, kuelekea kwenye ukingo wa bodi. Alijirusha akamdaka kifundo cha mguu. Saulo akamshika yeye kiunoni. Katika vurugu hiyo Jaha alirushwa mbele, akagonga paji la uso kwenye chuma cha bodi, na damu ikamfunika jicho.

Mwanakhamisi alimvuta Zubery kifuani, akaanza kugonga paa la chumba cha dereva. Aligonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha akavua kiatu akagonga kwa kisigino. Saulo naye aligonga. Nyuma ya kichwa cha dereva palikuwa na kidirisha kidogo chenye kioo. Mwanakhamisi aliinama, akaona kofia ya pama upande mmoja, blanketi katikati, na kichwa cha mumewe. Akaona kichwa cha mumewe kikigeuka nusu kuelekea kidirishani, kikakaa hivyo kidogo, kisha kikarudi kutazama barabara.

Lori halikusimama. Lilimaliza mteremko, likafika tambarare, likapita Igurusi penye watu na maji na kivuli, likaenda. Aligonga mpaka mkono ukafa ganzi. Halafu akaacha kugonga. Alifunga kichwa cha Jaha kwa pindo alilochana kwenye khanga, akawakumbatia watoto wake wawili, na Saulo aliyekuwa ubavuni pake hakuthubutu kumtazama.

Chimala palikuwa na watu wengi kwa sababu mpunga ulikuwa umevunwa. Lori liliposimama, Bwana Liberatus alishuka, akajikung'uta koti, akaenda kutafuta chai. Gramafoni ilibaki imekaa kitini peke yake. Hata mwenyewe alipoondoka, yenyewe ilibaki imekaa.

Muharami alikuja nyuma kuwapokea watoto. Alipoona kichwa cha Jaha alishtuka kweli, akanyoosha mikono. Mwanakhamisi hakumpa mtoto. Alishuka mwenyewe, akasimama mbele yake.

"Ulinisikia?"

Muharami alitazama chini. Angeweza kusema uongo, na pengine mkewe angetafuta humo nusu ya ukweli ya kushika. Lakini hakuwa na ujanja huo.

"Nilisikia," alisema. Kisha akaongeza haraka kwamba kwenye mteremko gari halisimami ovyo, breki zingeshika moto.

"Na Igurusi? Igurusi pana mteremko?"

Muharami alisema wampeleke mtoto akaoshwe, kisha wapande mbele, yeye atazungumza na Bwana Liberatus. Mwanakhamisi aliyasikiliza maneno hayo akaelewa kwamba mpaka sasa, damu ya mtoto ikiwa imemkaukia shavuni, mumewe bado hajazungumza na mtu. Bado ni jambo ambalo atalizungumza.

Alimwomba Saulo amteremshie kapu na furushi lake la nguo. Muharami akauliza anafanya nini. Alijibu kwamba anashukia hapo. Akaulizwa atalala wapi na watoto, mahali asipomjua mtu.

"Swali hilo ungeliuliza Uyole," alisema.

Walisimama hivyo mpaka karani aliporudi kutoka kwenye chai. Bwana Liberatus aliona kichwa cha mtoto, akasema pole, akatoa leso yake safi. Mwanakhamisi hakuipokea. Karani akapanda akakaa. Muharami alimsihi mkewe, kisha akakasirika, akasema kahawa ya tajiri inasubiriwa, kwamba mtu mwenye akili angepanda, na kama hataki basi malori hayakosekani barabarani. Alidhani akiwasha injini mkewe atapanda. Akawasha. Akapiga honi. Mwanakhamisi akageuza uso, akatazama magunia ya mpunga ya watu wengine.

Lori likaondoka. Jaha aliona baba yake anakwenda, akachomoka mkononi mwa mama yake akakimbia katikati ya barabara, akiita, huku kile kitambaa kikimfunguka kichwani. Mwanakhamisi alimfuata, akamkamata, akampiga kofi la mgongo. Alimpiga kwa nguvu zote alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mtu mwingine. Mtoto hakulia zaidi. Alimtazama tu, na ndipo Mwanakhamisi alipochuchumaa palepale kwenye vumbi, akamkumbatia, na hasira yake sasa hakujua aielekeze wapi.

Ng'ambo ya barabara, chini ya banda la nyasi, alikuwako mama mmoja wa Kibena aitwaye Lea, mjane, Mlutheri, aliyekuwa akiwapikia wali madereva na wanunuzi wa mpunga. Alikuwa ameona yote. Alivuka akachukua kapu.

"Mama," alisema, "hasira ni yako, sitaigusa. Lakini mtoto anatoka damu na huyu mdogo ana njaa."

Aliwapeleka kwake. Akachemsha maji, akatia chumvi, akamwosha Jaha jeraha polepole huku akimwimbia kwa Kibena. Akawapa wali na samaki wa mtoni. Hakuuliza lolote. Jioni aliwapa chumba alichokuwa akiwekea magunia matupu, akamtandikia mgeni wake mkeka mpya.

Kwa watoto, Chimala ikawa matembezi mazuri kuliko yote waliyowahi kufanya. Nyuma ya nyumba ya Lea palikuwa na rundo kubwa la pumba za mpunga, laini na la dhahabu. Jaha akagundua kwamba mtu akipanda juu anaweza kuteleza mpaka chini. Aliteleza, akamfundisha Zubery, na wote wawili wakawa wanatoka humo na pumba puani, masikioni, ndani ya nguo, wakicheka mpaka kukohoa. Lea aliwapeleka mtoni kuoga. Waliwafukuza bata wake. Mama yao aliwatazama akataka kucheka nao, akashindwa. Kila kicheko cha Zubery kilimrudisha kwenye kile kifundo cha mguu mkononi mwake, na kila lori lililopita Zubery aliacha mchezo, akasimama, akasema, "Baba." Halikuwa baba. Mtoto akarudi kwenye pumba, na mama yake akasonga ugali wa Lea kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika.

Angeweza kurudi Mbeya. Lea hata alimwambia malori ya kurudi ni mengi. Lakini Mwanakhamisi alikataa. Watoto waliahidiwa bibi, na ahadi hii haitavunjwa na mtu mwingine tena. Kaka yake Lea, Timotheo, alikuwa akiendesha gari la misheni, na Jumatatu alipita akielekea Iringa kuchukua dawa. Aliwapakia wote watatu mbele, kwa sababu, alisema, nyuma pana vumbi. Alilisema kama jambo la kawaida, na Mwanakhamisi aligeukia dirishani ili asimwone akilia.

Nyumba ya wazazi wa Mwanakhamisi ilikuwa mtaa wa Miyomboni. Baba yake, Mzee Othmani, alikuwa fundi cherehani, ambaye ukoo wake ulitoka Kilwa zamani, mtu wa sala na wa maneno laini. Mwanakhamisi alipoingia barazani amembeba Zubery, alimkuta mumewe amekaa kwenye mkeka pamoja na mzee, wanakunywa kahawa. Alitoa shikamoo. Mzee akaitikia kwa furaha, akawabusu wajukuu, kisha akasema, "Pole mwanangu na homa ya mtoto. Muharami ametueleza. Ulifanya vema kupumzika kwa ndugu."

Mwanakhamisi alimtazama mumewe. Muharami alikuwa akitazama kikombe.

Hapo ndipo kile chungu kilipopasuka. Alisimama palepale bila kuvua hata viatu, akasimulia yote, kuanzia Uyole. Hakupiga kelele. Alisimulia habari ya blanketi, ya turubai lililokwenda na mtoto, ya kiatu alichogongea, ya kichwa kilichogeuka nusu kisha kikarudi. Alisema kwamba mtoto hakuwa na homa, na kwamba ndugu aliyempumzisha ni mwanamke ambaye hawakuwa wakijuana. Majirani waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Muharami alijaribu kusema mara moja, akaacha.

Mzee Othmani alikuna ndevu. Aliumia, ilionekana, lakini alikuwa mtu aliyependa nyumba zisimame. Alisema mambo haya hutokea safarini, kwamba mwanamke husitiri nyumba yake, na kwamba yaliyopita si ndwele.

"Baba," alisema Mwanakhamisi, "ndwele iko hapa, kwenye uso wa mjukuu wako."

Mama yake, Bibie, alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Alikuwa mwanamke mfupi, asiyekaa barazani wanaume wanapokuwapo. Sasa alitoka. Alimshika Jaha, mjukuu ambaye hajawahi kumwona, akafungua kitambaa kichwani, akalitazama jeraha kwa muda. Akalifunga tena vizuri. Kisha akainama, akachukua kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele ya mkwewe, bado kina nusu, akaingia nacho ndani pamoja na watoto.

Muharami alikwenda kulala kwenye lori. Kesho yake alirudi asubuhi, akaambiwa mkewe anafua. Akarudi alasiri na mzee mmoja wa msikitini kumwombea. Mzee Othmani alisamehe, mzee wa msikitini akasoma dua, na Mwanakhamisi aliwaambia wote kwa heshima kwamba anashukuru, lakini baba yake hakuwako juu ya magunia. Mwishowe Muharami aliomba kitu kidogo, awachukue watoto matembezini mpaka kwenye jiwe la Gangilonga, kwa sababu kesho lazima arudishe lori. Mwanakhamisi alikubali, lakini alikwenda pia. Hakuwa tayari kumwachia watoto mahali penye ukingo.

Walipanda taratibu, Zubery mabegani mwa baba yake, Jaha akitangulia. Juu, mji wote ulikuwa chini yao, mabati yakimeta, na mbali ukungu wa Ruaha. Jaha alifurahi kidogo. Kisha akakaa karibu na baba yake akamuuliza alilokuwa ameliweka tangu Chimala.

"Baba, mbona hukusimama?"

Muharami alianza kwa kueleza habari ya basi, na sare, na jinsi maisha yao yangekuwa. Alisema kazi ile ingekuwa kwa ajili yao. Mtoto alisikiliza kwa adabu, akangoja amalize, maana hakuona jibu humo. Muharami akaokota kijiti, akakivunja.

"Nilimwonea haya yule bwana," alisema.

"Na sisi?"

Uso wa Muharami ulikunjika, akamgeuzia mtoto mgongo. Mwanakhamisi, aliyekuwa amekaa kando, aliona mabega ya mumewe yakitikisika. Alingoja kuona kama hasira yake itapungua. Haikupungua. Lakini kwa mara ya kwanza aliona kwamba si yeye peke yake anayeibeba. Alimwambia arudi Mbeya, kwamba yeye atabaki Iringa, na kwamba siku akirudiana naye itakuwa kwa kutaka kwake mwenyewe, si kwa kuitwa.

Muharami aliipata ile kazi. Bwana Liberatus alitimiza neno lake, na miezi haikuwa mingi akawa anaendesha basi, akapanga chumba Iringa. Mwanakhamisi alipopelekewa habari hiyo alikasirika upya, kwa sababu alitamani ubaya ule usizae kitu. Lakini ulizaa. Muharami alikuja kila alipokuwa na mapumziko, akasimama mlangoni bila kuingia, akawachukua watoto sokoni kula miwa, akawarudisha kabla ya magharibi. Bibie alimtolea maji ya kunywa, mwishowe akamtolea na kiti. Mwanakhamisi alichelewa kuliko wote. Baada ya Idi ya kuchinja ya mwaka uliofuata alihamia kwenye kile chumba, akiwa na cherehani aliyopewa na baba yake, na wakaishi. Wako majirani waliosema ana ulimi mkali, na walisema kweli. Jambo dogo lilimwasha.

Jumapili moja walitoka wote wanne kwenda kwa miguu upande wa Kalenga, kutembea tu. Njiani walikutana na gari dogo lenye mabwana wawili wa kampuni, ambao walimwita Muharami wakamtaka apande nao, wana jambo la kuzungumza. Muharami alisimama. Mwanakhamisi alishika mkono wa Jaha kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Muharami aliwaambia mabwana kwamba yuko na watoto wake, atafika kesho. Gari likaenda, wakabaki na vumbi lake.

Mwanakhamisi hakumsifu. Alisema tu kwamba wakichelewa jua litawakuta mbali. Zubery alikuwa amechoka, ameanza kukaa chini njiani. Mama yake alimnyanyua, akampa baba yake ambebe, yeye akatangulia na Jaha.